Kuelekea Majini: Shajara ya Juma Kuu

Jumamosi ya Lazaro

Siku arobaini za Kwaresima zilikamilika jana jioni. Mfungo unaendelea, lakini safari imegeuka. Hatuhesabu tena siku za toba; sasa tunamfuata Bwana hatua kwa hatua, na leo yuko Betania mbele ya kaburi la rafiki yake.

Nilisimama kanisani pamoja na binti nitakayemsimamia ubatizo Jumamosi Kuu. Hakuwahi kubatizwa popote. Amekuwa mkatekumeni muda wa kutosha kuzijua nyimbo nyingi kwa moyo, na tangu katikati ya Kwaresima amekuwa akimsikia shemasi akiwaombea kwa namna ya pekee wanaojiandaa kutiwa nuru, yaani yeye na wenzake. Mimi nitakuwa mama yake wa ubatizo. Kazi hiyo haiishii kwenye kushika mshumaa na taulo. Nitaulizwa juu ya roho yake siku nitakapoulizwa juu ya yangu.

Baada ya Liturujia aliniuliza, "Mama, mtu akitaka kujua Mkristo wa Kiorthodoksi ni mtu wa namna gani, nimwambie nini?"

Ningeweza kumjibu kwa Kanuni ya Imani, ile iliyowekwa Nikea mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, ambayo sisi tunaisema bila nyongeza ya maneno "na Mwana" iliyoingia baadaye huko Magharibi juu ya kutoka kwa Roho Mtakatifu. Lingekuwa jibu sahihi, lakini hilo analijua tayari. Nikamkumbusha kilichoimbwa leo mahali pa wimbo wa kawaida wa Liturujia, "Mungu Mtakatifu": "Ninyi nyote mliobatizwa katika Kristo, mmemvaa Kristo." Ni maneno ya Mtume Paulo kwa Wagalatia, na huimbwa katika sikukuu chache tu, zile ambazo hapo kale watu walibatizwa. Leo ni mojawapo. Nikamwambia aanzie hapo, mengine atayaona wiki hii kwa macho yake.

Injili ya leo siichoki. Yesu analia machozi, na yule yule anayelia ndiye anayemwita mfu wa siku nne naye akatoka. Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano wa maaskofu wa mwaka 451, ulipokiri kwamba Kristo ni mmoja, Mungu kamili na mwanadamu kamili, bila kuchanganyika na bila kutengana, haukuwa unatunga fumbo la wasomi. Ulikuwa unamlinda huyu aliyesimama Betania. Angekuwa Mungu asiyeweza kulia, asingekuwa amefika kwetu. Angekuwa mtu anayelia tu, Lazaro angebaki ndani.

Jumapili ya Matawi

Asubuhi ilikuwa ya shangwe: matawi mikononi, watoto mbele, na samaki wameruhusiwa mezani kwa heshima ya sikukuu.

Ilipofika jioni mambo yote yalibadilika. Siku ya Kanisa huanza jua linapozama, kwa hiyo jioni ya Jumapili tayari ni Jumatatu Kuu. Mavazi ya madhabahuni yamekuwa ya rangi nzito, taa zimepunguzwa, na padre akatoka amebeba ikoni, picha takatifu, ya Bwana Arusi. Kristo katika ikoni hiyo hana vazi la harusi. Amevikwa taji ya miiba, mikono imefungwa, mwanzi uko mkononi. Huyo ndiye Bwana Arusi wetu. Waimbaji waliimba taratibu kwamba anakuja katikati ya usiku, na heri mtumishi atakayekutwa anakesha. Binti hakuuliza kitu tulipokuwa tunatoka.

Jumatatu Kuu

Leo tunamkumbuka Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake, na mtini uliokuwa na majani bila tunda. Mtini huo hunitisha kuliko maandiko mengine mengi. Mtu anaweza kuvaa msalaba, kujua saa ya kufukiza ubani, kuzitaja sikukuu zote, naye akawa majani matupu.

Tuliisema sala ya Mtakatifu Efraimu wa Siria, ile tuliyoianza mwanzoni mwa Kwaresima: uniondolee roho ya uvivu, ya kukata tamaa, ya kupenda ukubwa na ya maneno ya upuuzi, unipe roho ya usafi, unyenyekevu, uvumilivu na upendo, unijalie kuyaona makosa yangu na kutomhukumu ndugu yangu. Kila sehemu ina sijda, paji la uso mpaka chini. Binti anapenda sijda. Anasema mwili wake ulijifunza kuomba kabla akili yake haijakubali. Nadhani ameeleza jambo ambalo wengi wetu tuliozaliwa ndani hatujui kulieleza. Tunafunga kwa tumbo, tunasimama kwa miguu, tunabusu kwa midomo, tunanusa ubani. Hakuna sehemu ya mtu inayoachwa nje ya mlango kana kwamba Mungu hakuiumba.

Jumanne Kuu

Wanawali kumi asubuhi, mwanamke mwenye dhambi jioni.

Wimbo wa jioni uliandikwa na Kasiani, mtawa wa Konstantinopoli wa karne ya tisa, na kwa sauti yake mwanamke yule anasema na Bwana, akimwomba ayapokee machozi yake. Kanisa hujaa usiku huu kuliko usiku wa jana. Watu ambao hawajaonekana tangu Pasaka iliyopita huja kuusikiliza, wakasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Siwalaumu. Wimbo wenyewe ni wa mtu aliyekuja amechelewa.

Kabla ya ibada nilikwenda kuungama. Kwetu mtu haketi gizani mbele ya hakimu. Unasimama mbele ya ikoni ya Kristo, padre ubavuni kwako, na unachosema unamwambia Kristo. Padre ni shahidi, tena ni tabibu. Mwisho aliniwekea epitrakhili, vazi refu la shingoni la padre, juu ya kichwa akasoma sala ya kuondolewa dhambi. Binti aliniuliza kama naye aungame. Padre amekwisha kuzungumza naye kwa kirefu juu ya maisha yake, lakini ondoleo lake linamngoja majini, la vyote kwa pamoja. Nilimtazama kwa wivu mtakatifu, kama upo wivu wa namna hiyo.

Jumatano Kuu

Asubuhi ilikuwa Liturujia ya mwisho ya Vipaji Vilivyotakaswa Kabla, ambamo tunashiriki Ekaristi iliyotakaswa siku iliyotangulia, na sala ya Efraimu ikasemwa kwa mara ya mwisho mwaka huu. Kuanzia sasa hatuna muda wa kujitazama sisi wenyewe. Yuda amekwisha kupatana bei.

Jioni ilikuwa Siri, yaani sakramenti, ya Mafuta Matakatifu kwa uponyaji wa roho na mwili. Nyaraka saba, Injili saba, sala saba, kisha watu wakapanga mstari kupakwa mafuta. Binti alibaki mahali pake.

Niandike wazi, kwa sababu iliniuma. Mzee mmoja alimgusa bega kumwashiria asonge mbele, naye akatikisa kichwa na kuinama. Yeye bado hajazaliwa katika nyumba hii, na siri za Kanisa ni za walio ndani ya mwili wa Kristo. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa ukatili. Mimi nimeufikiria sana nami nauheshimu. Kikombe kimoja kwetu ni tunda la imani moja. Hatukitumii kama njia ya kufunika tofauti ili kila mmoja ajisikie amekaribishwa. Tangu utengano kati ya Roma na Konstantinopoli, ambao watu huutaja kwa mwaka wa 1054 ingawa ulichukua karne kadhaa kukomaa, kidonda cha kutoshiriki pamoja kiko wazi, na Kanisa linapendelea kubaki na kidonda wazi kuliko kukifunika kikiwa hakijapona.

Lakini pia nilijua kwamba njaa ya binti yule, akiwa amesimama pale, ilikuwa kubwa kuliko yangu niliyepakwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alhamisi Kuu

Asubuhi Liturujia ya Mtakatifu Basili Mkuu, kumbukumbu ya Karamu ya Siri. Kabla ya kushiriki tuliimba sala ambayo mwaka mzima huisema kila anayekaribia kikombe: Unipokee leo, Mwana wa Mungu, niwe mshiriki wa karamu yako ya siri, sitawaambia adui zako fumbo lako, wala sitakubusu kama Yuda, bali kama yule mnyang'anyi nakukiri: unikumbuke, Bwana, katika ufalme wako. Katika mistari hiyo michache mtu anajiweka katikati ya Yuda na mnyang'anyi, na hakuna mahali pa tatu.

Usiku zilisomwa Injili kumi na mbili za mateso. Baada ya ile ya tano taa zilizimwa. Padre akatoka kwa mlango wa kaskazini amebeba msalaba mkubwa, akiimba, "Leo anatundikwa juu ya mti yeye aliyeitundika nchi juu ya maji." Akausimika katikati ya kanisa, watu wakapiga magoti.

Angalia kwamba wimbo hausemi ilitokea zamani. Wiki nzima ni hivyo hivyo: leo Lazaro anaitwa, leo Yuda anapokea fedha, leo anatundikwa. Kristo alisulubiwa mara moja tu, chini ya Pontio Pilato, na hakuna padre anayemsulubisha tena. Ni sisi tunaopelekwa pale. Roho Mtakatifu huliweka kusanyiko mbele ya tukio lile lile. Nikiambiwa nitaje jambo moja linalofanya imani yetu iwe ilivyo, nitataja hili kabla ya kutaja ikoni, au ndevu za mapadre, au urefu wa ibada. Hatukusanyiki ili kumkumbuka marehemu mwema. Tunakuja mahali anapofanya kazi ya kutuokoa.

Ijumaa Kuu

Hakuna Liturujia leo. Madhabahu haitoi kikombe siku Bwana Arusi aliyoondolewa.

Alasiri tulimshusha. Padre alivua msalabani sura ya Bwana, akaifunga katika sanda nyeupe na kuipeleka madhabahuni, kisha akatoka na epitafio, kitambaa kilichodariziwa Kristo akiwa amelazwa, akakiweka katika kaburi lililopambwa maua. Mmoja mmoja tulikwenda kubusu.

Binti alisita mbele ya epitafio. Baadaye aliniambia aliisikia sauti ya jamaa yake mmoja ikimwuliza kwa nini anabusu kitambaa. Swali hilo lilimwaga damu kwa zaidi ya karne moja huko Konstantinopoli. Yohana wa Damasko, aliyekuwa akiishi nje ya himaya ya mfalme mvunja ikoni, alijibu kwamba zamani Mungu asiye na mwili hakuchorwa, lakini sasa ameonekana katika mwili, amekaa na watu. Siiabudu maada, alisema, namwabudu Muumba wa maada aliyefanyika maada kwa ajili yangu. Mtaguso wa Saba, Nikea, mwaka 787, ukaweka mpaka: heshima tunaipa ikoni, ibada ni ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa sura humfikia mwenye sura. Ikoni zikarudishwa kwa kudumu mwaka 843, na hadi leo tunasherehekea jambo hilo Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Nilimweleza haya kwa ufupi tukiwa uani. Akasema, "Basi waliokataa ikoni walikuwa wanakataa kwamba alizaliwa kweli." Sikuwa na la kuongeza.

Usiku tuliimba maombolezo mbele ya kaburi: Ee Kristo, uliye Uzima, uliwekwa kaburini. Kisha epitafio ikabebwa kulizunguka kanisa, sote nyuma yake na mishumaa, na wakati wa kuingia tukapita chini yake. Halafu likaja somo la Ezekieli, bonde la mifupa mikavu. Linasomwa usiku wa maziko! Bado tunalia, na Kanisa tayari limeanza kunong'ona kwamba mifupa itasimama.

Jumamosi Kuu

Amebatizwa.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya Liturujia. Kwanza padre alimgeuza aelekee magharibi, upande jua linapozama, akamwuliza mara tatu kama anamkana Shetani na kazi zake zote na fahari yake yote. Mara tatu akajibu, "Namkana." Akaambiwa ampulizie na kumtemea mate, naye akafanya hivyo bila aibu. Kisha akageuzwa mashariki. "Je, unajiunga na Kristo?" "Najiunga." Akaisema Kanuni ya Imani peke yake, mbele ya watu wote, sauti ikitetemeka mwanzoni na kuimarika alipofika kwenye "akasulubiwa kwa ajili yetu". Hapo nilielewa kwa nini Kanuni hiyo inaanza kwa "ninasadiki". Hakuna awezaye kuamini kwa niaba ya mwingine aliyefika umri wake, hata mama wa ubatizo.

Maji yakabarikiwa. Akapakwa mafuta mwili mzima, nami nikasaidia. Kisha akazamishwa mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na kila mara tukaitikia Amina. Kuzamishwa si mbwembwe. Waraka unaosomwa siku hii, Warumi sura ya 6, unasema tumezikwa pamoja naye kwa ubatizo katika mauti yake, na maziko hayafanywi kwa tone la maji pale inapowezekana kumzamisha mtu. Alipoibuka mara ya tatu alivuta pumzi kwa nguvu kama mtoto mchanga.

Akavikwa nguo nyeupe. Hapo hapo, bila kungoja miaka, akapakwa Krisma Takatifu: kipaji cha uso, macho, pua, mdomo, masikio, kifua, mikono na miguu, na kila mahali padre akisema, "Muhuri wa kipawa cha Roho Mtakatifu." Krisma haitengenezwi parokiani. Hutakaswa na wakuu wa Makanisa, kwa mafuta ya zeituni na manukato mengi, ikagawiwa hadi kwenye parokia ndogo kabisa. Kwa hiyo mtu anayepakwa katika kanisa dogo anaunganishwa na Kanisa lote.

Akakatwa nywele kidogo kwa umbo la msalaba, sadaka yake ya kwanza. Tukalizunguka birika la ubatizo mara tatu tukiimba wimbo ule wa Jumamosi iliyopita: "Ninyi nyote mliobatizwa katika Kristo, mmemvaa Kristo."

Mtakatifu Athanasio, Askofu wa Alexandria, alifundisha katika karne ya nne kwamba Mungu alifanyika mwanadamu ili sisi tufanywe miungu. Watu husikia hivyo wakashtuka. Hakusema tutageuka kuwa na asili ya Mungu. Hilo haliwezekani milele. Alisema kile ambacho Mungu anacho kwa asili, tutashirikishwa kwa neema. Wokovu kwetu si kufutiwa deni tu kisha ukarudi nyumbani ulivyokuwa. Ni kushiriki uzima wake, polepole, maisha yote, kwa sala na mfungo na sadaka na Ekaristi na kusamehe watu wanaoudhi. Kilichotokea leo majini ni mbegu. Sitaki binti adhani amefika.

Liturujia ilianza kwa masomo ya Agano la Kale, kumi na matano: uumbaji, kitabu chote cha Yona, Bahari ya Shamu, vijana watatu katika tanuru. Zamani masomo haya yalisomwa kwa urefu huo wakati wakatekumeni wakibatizwa kando, watu wakiwangoja. Baada ya Waraka padre akatoka ghafla katika mavazi meupe, akirusha majani ya mlaureli kila upande na kuimba, "Ee Mungu, usimame, uihukumu nchi!" Watu waligonga viti, watoto wakashangilia. Kuzimu kumevunjwa kabla hata kaburi halijaonekana tupu. Ikoni ya Ufufuo inaonyesha hilo: Kristo hatoki kaburini peke yake, bali yuko chini kabisa, malango yamevunjika chini ya miguu yake, amewashika Adamu na Hawa kwa vifundo vya mikono na kuwavuta juu.

Na binti akashiriki, akiwa wa kwanza kwenye mstari, mshumaa mkononi. Yule mzee wa Jumatano alikuwa nyuma yake.

Usiku wa Pasaka

Giza. Kisha mwanga mmoja kutoka madhabahuni, "Njooni mpokee nuru," na kanisa zima likawaka mshumaa kwa mshumaa. Tulitoka nje, Injili ikasomwa, na padre akaanza: Kristo amefufuka katika wafu, kwa mauti ameikanyaga mauti, nao waliomo makaburini amewapa uzima. Sijui tuliimba mara ngapi.

Ikasomwa hotuba ya Mtakatifu Yohana Krisostomo, inayosomwa kila Pasaka katika kila kanisa letu. Anawaita waliofunga na wasiofunga, waliofika saa ya kwanza na waliofika saa ya kumi na moja, wote waingie katika furaha ya Bwana wao, kwa kuwa meza imejaa. Niliwatafuta kwa macho wale wa mlangoni wa Jumanne. Walikuwepo, mishumaa imewaka.

Jumapili ya Pasaka, alasiri

Tumelala kidogo sana, na bado tumerudi kwa Sala za Jioni za Upendo. Milango Mitakatifu ya madhabahu iko wazi, na itabaki wazi wiki nzima. Hatupigi magoti tena mpaka Pentekoste. Mtaguso wa Nikea uliamuru hivyo tangu mwaka 325.

Injili ya alasiri husomwa kwa lugha nyingi kadiri parokia inavyoweza, na padre alimwomba binti asome katika lugha ya mama yake mzazi. Alikuwa bado katika nguo nyeupe. Ni Yohana 20: wanafunzi wamejifungia kwa hofu, Yesu anasimama katikati na kuwaambia, "Amani iwe kwenu." Tomaso hayupo. Anaporudi anasema asipoziona alama za misumari na kutia kidole chake, hatasadiki hata kidogo.

Na somo linakomea hapo. Alishangaa, akaniuliza baada ya ibada kwa nini Kanisa lianze siku ya ushindi na kuishia kwa mtu anayekataa kuamini. Nikamwambia ukweli kama ninavyoujua: Kanisa halimfukuzi Tomaso. Yeye ni mmoja wa kumi na wawili hata katika siku zake nane za mashaka, na wenzake hawakumtoa chumbani. Mwanangu, nawe zitakuja siku kama hizo, maana ubatizo hauziondoi. Zikija usikae nazo nyumbani.

Sehemu iliyobaki ya Injili ile itasomwa Jumapili ijayo, Jumapili ya Tomaso. Tumekubaliana nimpitie asubuhi mapema, tuwahi.